Kisoma kadi cha mjomba, na swali ambalo nusura nilijibu "Ndiyo"

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na kisa cha kisoma kadi kwenye kompyuta ya zamani. Najua kuna watakaosema, "Nani bado anahangaika na visoma kadi siku hizi, picha si ziko kwenye simu?" Subirini kidogo. Kompyuta za zamani bado ni nyingi madukani, shuleni na ofisini huku kwetu, na kosa ambalo nusura nilifanye mimi, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, linaweza kumpata mtu yeyote.

Mjomba wangu ana studio ya picha mjini Voi. Ni chumba kimoja: pazia la samawati ukutani, stuli, taa mbili, na kompyuta ya mezani ambayo ni mzee kuliko baadhi ya wateja wake. Inaendeshwa na Windows XP. Kabla hujacheka, sababu ni hii: ana printa ya picha ambayo programu yake ya kuiendesha ilitengenezwa enzi za XP na haikubali kitu kingine. Printa hiyo ndiyo inayomlisha. Kompyuta haina intaneti, haichezi michezo, haifanyi lolote ila kusoma kadi, kupunguza picha kingo na kuchapisha. Kwa hiyo iache tu ifanye kazi yake.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilichukua likizo nikatoka Nairobi kwenda kuwasalimu. Alhamisi jioni nilikuwa studioni nikipiga gumzo na mjomba alipoingia mzee mmoja kutoka upande wa Mwatate. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaketi kwenye ile stuli ya kupigia picha. Alikuwa amefiwa na mkewe. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Alihitaji picha moja kubwa ya kuwekwa kwenye fremu na kubebwa mbele ya jeneza, na nyingine ndogo za kutia kwenye kijitabu cha ibada.

Akatoa mfukoni leso, akaikunjua, ndani kulikuwa na kadi ya kamera, ile ya ukubwa wa stempu ya posta. Akaeleza kwamba mjukuu wake alikuja na kamera Pasaka, akawapiga picha wote nyumbani. Baadaye kamera iliingia maji ikafa, lakini kadi ilikuwa imechomolewa mapema. Picha hizo hazikuwa zimewahi kuhamishwa popote. "Nyingine tulizonazo ni za kitambulisho," akasema, "na pale hafanani na yeye."

Mjomba akaitia kadi kwenye kisoma kadi, kile kilichojengewa mbele ya kompyuta chenye matundu manne. Akabofya F. Kompyuta ikajibu: tafadhali weka diski kwenye F. Na kadi imo ndani!

Mjomba akanigeukia. "Haya, daktari wa kompyuta, kazi yako hiyo."

Saa moja na nusu ya kutafuta mahali pasipo

Nawaambia ukweli, nilifurahi kidogo. Kuandika programu ni kazi ambayo watu wa nyumbani hawaioni, na hapa palikuwa na tatizo ambalo kila mtu analiona. Nikakunja mikono ya shati.

Kwanza nilijaribu kadi nyingine. Mjomba alikuwa na kadi yake ya zamani ya MB 512. Nikaitia, taa ya kijani ikawaka, picha zikatokea. Kwa hiyo kisoma kadi kilikuwa hai, na waya wake pia. Hapo ndipo ningesimama nikafikiri. Sikusimama.

Nikaingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaviona vile visoma vinne, F, G, H na I. Nikavifuta vyote nikawasha upya. Vikarudi, kadi haionekani. Nikabadilisha herufi za diski, kwa maana XP ilikuwa na tabia ya kugonganisha herufi hizo na za diski za mtandao. Hola. Nikazima kompyuta nikaifungua. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda kunde. Kisoma kadi cha aina hii huunganishwa kwenye ubao mkuu kwa waya wa USB wa ndani, wenye plagi ya vijitundu tisa na kimoja kilichozibwa ili usiuchomeke kinyume. Nikauchomoa, nikapuliza, nikaurudisha. Nikafuta miguu ya dhahabu ya kadi kwa kitambaa kikavu. Bado kompyuta inasema: weka diski.

Mzee alikuwa ameketi kimya muda wote huo. Hakuuliza chochote. Kimya chake kilinitia joto kuliko swali lolote.

Ilipogonga saa mbili usiku nikaichomoa kadi, nikaigeuza chini ya taa ya studio, na kwa mara ya kwanza nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa GB 64, na chini ya alama ya SD kulikuwa na herufi mbili ndogo: XC. Nikatazama uso wa kisoma kadi. Kiliandikwa SD, MMC, CF na majina mengine ya kadi ambazo wengi wenu hamjawahi kuziona. Hapakuwa na HC, hapakuwa na XC.

Jibu lilikuwa limeandikwa usoni tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nalitafuta tumboni.

Kwa nini kisoma cha zamani hakioni kadi mpya

Hapa naomba dakika chache nieleze, maana ndipo penye faida.

Kadi za SD zilianza 1999. Zile za kwanza zilikwenda mpaka GB 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, zinazokwenda mpaka GB 32. Mwaka 2009 zikaja SDXC, zinazoanzia juu ya hapo mpaka TB 2. Kwa umbo zote ni sawasawa, zinaingia kwenye tundu moja bila kulazimisha. Hapo ndipo mtu anapodanganyika.

Tofauti ni namna ya kuhesabu. Fikiria mtaa ambao kila chumba kina nambari yake. Kisoma cha zamani kikitaka kitu, kinaita nambari ya chumba, yaani baiti moja moja. Nambari yenyewe ina biti 32, kwa hiyo haiwezi kupita 4,294,967,296. Hizo ni GB 4, basi. Mtaa ukizidi hapo, nambari zimekwisha.

Wahandisi wangeweza kurefusha nambari, lakini walifanya jambo rahisi zaidi. Walisema: kuanzia sasa hatuhesabu vyumba, tunahesabu nyumba, na kila nyumba ina vyumba 512. Nambari ni ileile ya biti 32, lakini mtaa umekua mara 512. Piga hesabu uone: GB 4 mara 512 ni TB 2. Ndiyo maana SDXC inakomea TB 2. Mimi nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto.

Sasa, kadi kubwa ikiingizwa kwenye kisoma, haifungui mlango ovyo. Inangoja kisoma kipige hodi kwa namna inayoonyesha kwamba kinajua hesabu mpya. Kisoma cha zamani hakijui hodi hiyo. Kinabisha kwa mtindo wake wa kale, kadi inakaa kimya, na mwishowe kisoma kinaiambia kompyuta kwamba hapa hakuna mtu. Kompyuta nayo inakwambia: weka diski.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Kadi nzima, kisoma kizima. Hawasikilizani tu.

Nilimweleza mzee kwa maneno hayo ya hodi. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kesho." Mjomba akamsindikiza stendi. Laptopu yangu ilikuwa nyumbani, lakini isingesaidia usiku ule. Ni ya kisasa na nyembamba, na watengenezaji waliamua haihitaji tundu la kadi.

Siku ya pili, na lile swali

Ijumaa asubuhi nilipita kwenye duka la vifaa vya simu nikanunua kisoma kadi kidogo cha USB, bei ya sahani mbili za pilau. Kiliandikwa SDXC, safari hii nilisoma kwanza. Nikaenda moja kwa moja studioni. Mzee alikuwa ameshafika, na mjukuu wa kike kando yake.

Nikachomeka kisoma kipya nyuma ya ile kompyuta ya mjomba, nikatia kadi. Taa ikawaka! Herufi mpya ikatokea, J. Nikahisi ushindi. Nikabofya mara mbili.

Kikatokea kisanduku. Kwa Kiingereza kilisema kwamba diski iliyo kwenye J haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa? Ndiyo, au La.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mimi najua maana ya kufomati. Nimefundishwa, nimefanyia mtihani, nimewafundisha wengine. Lakini nilikuwa nimelala vibaya, nilikuwa na haraka, na tangu jana nilikuwa nikiitaka kompyuta hii inijibu kitu chochote kisichokuwa "weka diski". Sasa imejibu. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya, na mshale ulikuwa juu ya "Ndiyo". Vidole vya mtu aliyetumia kompyuta miaka mingi vimezoea kukubali. Tunakubali masharti bila kuyasoma, tunakubali masasisho, tunakubali kila kisanduku kinachotuzuia njia.

Mzee akauliza, "Inasema nini hiyo, mwanangu?"

Nikaanza kumfasiria. "Inasema kadi hii haijaandaliwa kutumika, mzee. Inauliza kama iiandae sasa."

Akanyamaza kidogo. "Haijaandaliwa? Na zile picha za Pasaka zilipigiwa wapi?"

Niliutoa mkono kwenye kipanya kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mzee ambaye hajawahi kumiliki kompyuta alikuwa ameona kwa swali moja kile ambacho mimi sikukiona: maneno yale hayawezi kuwa kweli. Kadi hii imebeba picha. Haiwezi kuwa haijaandaliwa. Kwa hiyo anayesema hivyo ama anadanganya, ama hajui anachokitazama.

Na kwa kweli hajui. Kadi za SDXC huja zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa faili uitwao exFAT, ambao ulitoka 2006. Windows XP ilitoka 2001. Sasisho la kuiwezesha XP kusoma exFAT lilitolewa 2009, lakini kompyuta ya mjomba haijawahi kuonja intaneti, kwa hiyo haikulipata. XP ilipofungua kadi ilikuta mpangilio usioufahamu, na kwa kuwa haina neno la kusema "sijui kusoma hii", ikasema "haijafomatiwa". Ni kama mtu asiyejua kusoma apewe barua, aitazame, kisha atangaze kwamba karatasi ni nyeupe, tuandike upya.

Nikabofya La. Nikaichomoa kadi. Nikamtuma mjukuu wa mjomba nyumbani kwa bodaboda akaniletee laptopu.

Laptopu yangu inatumia Linux, na kiini cha Linux kinasoma exFAT chenyewe tangu matoleo ya 2019 na 2020, baada ya Microsoft kuuchapisha mpango wa exFAT kwa umma Agosti 2019. Kadi ikafunguka bila kelele. Picha 388. Sikuonyesha hata moja kabla ya kunakili zote kwenye laptopu, kisha kwenye flashi ya pili ya kumpa mzee aende nayo. Ndipo nikazifungua.

Yule binti ndiye aliyeichagua. Bibi yake amesimama mlangoni, ana unga mikononi, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mzee akaitazama muda mrefu. "Hapo ndipo anafanana," akasema.

Nikaitia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ambayo XP inaielewa vizuri, nikaihamishia kwenye kompyuta ya mjomba, na ile printa yake kongwe ikaichapisha vizuri sana. Jumamosi tulikwenda Mwatate, mimi na mjomba, na picha ile ilikuwa mbele.

Ukikutwa na hali kama hii

Haya ndiyo mambo ambayo ningependa mtu angeniambia Alhamisi ile:

1. Kadi ikiwa na picha ambazo hazipo kwingine, sukuma kile kiswichi cha plastiki kilicho ubavuni kwenye "Lock" kabla ya kuitia popote. Si kinga kamili, kwa sababu kiswichi hakizuii chochote ndani ya kadi. Ni kisoma kinachokihisi na kukataa kuandika, na visoma vingine hupuuza. Lakini katika visoma vingi, hata ukibofya "Ndiyo" kwa bahati mbaya, kompyuta itakwambia kadi imefungwa. Ni sekunde moja tu.

2. Jaribu kadi nyingine ndogo, ya GB 2 au chini. Ikisomeka, usifungue kompyuta. Kisoma ni kizima, tatizo ni umri wake.

3. Soma alama. Kadi ya HC inahitaji kisoma kinachojua HC. Kadi ya XC tafutia kisoma cha XC. Kwenda nyuma hakuna shida: kisoma kipya husoma kadi za zamani.

4. Kadi ikionekana lakini haifunguki, tazama ukubwa wake kwenye sehemu ya kusimamia diski. Kadi ya GB 64 itaonyesha kama GB 59 hivi, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ukiona ukubwa unaokaribia huo, jua kisoma kimeshafanya kazi yake. Kilichobaki ni mfumo wa faili. Tafuta kompyuta mpya zaidi uisomee huko.

5. Ukiulizwa kama ufomati, jibu ni La. Uliza kwanza: je, kadi hii ilikuwa inafanya kazi kwingine? Kama ndiyo, swali lenyewe lina makosa.

6. Kama umeshajibu Ndiyo, usilie bado. Usipige picha nyingine wala usiandike chochote kwenye kadi hiyo. Fomati ya haraka hufuta orodha ya faili tu, picha zenyewe huwa bado zipo mpaka zifunikwe. Programu ya bure iitwayo PhotoRec inaweza kuzifukua. Hakikisha unazihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile.

Jambo moja la mwisho, kwa wenzangu wa programu

Niliporudi Nairobi nilifungua mfumo wa mauzo ambao nimekuwa nikiutengeneza kwa mteja mmoja. Mna ukurasa wa kuonyesha madeni ya wateja. Mtandao ukikatika katikati, ukurasa ule ulikuwa unaandika: "Hakuna rekodi." Niliandika maneno hayo mwenyewe, usiku, ili nimalize nikalale. Nikawaza mwenye duka anayeyasoma, akaamua kwamba fulani hadaiwi kitu, au akaanza kuingiza madeni upya juu ya yale ya zamani.

Nimeyabadilisha. Sasa unaandika: "Tumeshindwa kusoma rekodi. Zipo, jaribu tena baadaye." Kabla ya kuutoa, nilimsomea mama yangu kwa simu nikamuuliza ameelewa nini. Nimeanza kufanya hivyo kwa kila ujumbe ninaouandika. Mama ameshachoka nami.

Mjomba naye anatumia kisoma kipya, amekifunga kwa selotepu kando ya skrini. Juu yake amebandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: KADI YA MTEJA, FUNGA LOCK KWANZA. Nimepanga kumtilia lile sasisho la exFAT nitakapokwenda Desemba, baada ya kunakili diski yake yote kwanza.

Kwa leo naishia hapo. Mbaki salama.